Miaka mitatu na daftari la majeruhi: neno "ajali" linaficha mengi

#1 MwandishiWaZamu

Wakuu, habari za wakati huu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Nilifanya kazi miaka mitatu mapokezi ya dharura, hospitali moja ambayo sitaitaja. Sikuwa daktari. Nilikuwa yule wa dirishani mwenye daftari kubwa: jina, umri, jinsia, saa ya kufika, ameumia wapi, imekuwaje. Safu hiyo ya mwisho ndiyo niliyoijaza kwa uvivu kuliko zote. Neno moja tu, ajali. Chini yake, ajali. Ukurasa mzima: ajali, ajali, kaanguka, ajali.

Siku moja daktari wa mifupa alikuja akafungua daftari mbele yangu, akaniuliza: "Hawa waliovunjika muundi wiki hii, walikuwa wamepanda nini?" Sikuwa na jibu, na wenyewe walikuwa wamelala hatua ishirini kutoka nilipokaa. Akafunga daftari, akaondoka bila kunigombeza. Bora angenigombeza.

Kuanzia zamu iliyofuata nikawa nauliza. Ulikuwa dereva au abiria? Mbele au nyuma? Ulikuwa unavuka au unatembea pembeni? Umeanguka kutoka juu ya nini, na kilichotangulia kugusa chini ni kipi? Baada ya miezi michache nikagundua kwamba majeraha yana tabia. Unaifunika safu ya "imekuwaje" kwa kiganja, unasoma nyingine, unabashiri kilichotokea, na mara nyingi unapatia.

Mwenye pikipiki huja na muundi uliovunjika na kutoboa ngozi. Ukiwa juu ya pikipiki, mguu wako ndio bampa yako, na mbele ya muundi hakuna nyama, ngozi imelala moja kwa moja juu ya mfupa. Mtoto aliyebebwa nyuma miguu ikining'inia huja na kisigino kilichochunwa na spoki. Aliyeanguka kutoka juu akatua kwa miguu, ukikuta kisigino kimepondeka usiishie hapo, muulize na kiuno, kwa sababu kishindo kinachoingia kisiginoni hupanda hadi kwenye pingili za uti wa mgongo. Abiria wa mbele asiyefunga mkanda hupiga goti kwenye dashibodi, nyonga ikateguka kwa nyuma. Huyo utamjua hata kabla ya eksirei, jinsi mguu ulivyogeukia ndani na kuonekana mfupi.

Halafu kuna wa kuteleza. Mtu mzima akijikinga kwa kiganja, mfupa huvunjika karibu na kifundo, mkono ukapinda kama mgongo wa uma. Abraham Colles wa Ireland aliueleza mvunjiko huo mwaka 1814, wakati eksirei haikugunduliwa hadi 1895. Alitumia macho na vidole tu. Mtoto wa miaka mitano, sita, saba naye akijikinga vivyo hivyo anaweza kuvunjika juu kidogo ya kiwiko, na hapo utamwona daktari anakimbilia kupapasa mapigo ya damu mkononi kabla ya jambo lolote, kwani mshipa mkubwa unapita jirani kabisa na ile ncha iliyovunjika.

Kuhusu nani na lini: wanaume wengi kuliko wanawake, hasa vijana na wa umri wa kazi. Jioni kuingia usiku, mwisho wa wiki zaidi. Watoto, kuanguka na kuungua. Wazee, kuanguka ndani ya nyumba zao wenyewe.

Na si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba majeraha ya kila aina yanaua watu milioni 4.4 kwa mwaka. Barabara peke yake iliua milioni 1.19 mwaka 2021, na kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua kuliko barabara. Kuanguka kunachukua zaidi ya 680,000 kila mwaka.

Karibuni. Wenye fani mnirekebishe.

#2 Kitanda_cha_Tisa

Nimeweka kambi hapa. Shusha nondo mkuu.

#3 MzeeWaKiti

Ajali haina kinga. Wazee walishasema. Siku yako ikifika hata ukiwa umelala kitandani paa litakuangukia. Haya mengine ni maneno ya vitabuni.

#4 MwandishiWaZamu

Shikamoo mzee wangu. Methali hiyo nimeisikia pale dirishani kuliko salamu.

Ila fikiria hivi: kama ingekuwa ni siku tu kufika, ingewafikia watu bila kuchagua. Wanawake sawa na wanaume, asubuhi sawa na usiku, wa garini sawa na wa miguu. Daftari langu halikuwa hivyo hata wiki moja. Duniani zaidi ya nusu ya wanaokufa barabarani ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wenye pikipiki, yaani wale wasio na bati la kuwazunguka. Siku gani hiyo inayochagua watu kwa kuangalia wamepanda nini?

Kuna daktari wa Marekani, William Haddon, aliyekabidhiwa mwaka 1966 kuongoza wakala mpya wa serikali yao wa usalama barabarani. Aliliangalia jeraha kama mwenzake anavyoangalia malaria. Malaria ina kijidudu, jeraha lina nini? Lina nguvu: ya mwendo, ya joto, ya umeme, ikiingia mwilini kupita kiasi mwili unachoweza kubeba. Mwaka 1970 akachora jedwali, kabla ya tukio, wakati wa tukio na baada ya tukio, kila hatua akaipanga kwa mtu, chombo na mazingira. Ukilijaza unakuta nafasi nyingi za kuingilia kati hata kama ajali yenyewe imeshindikana kuzuiwa. Mkanda hauzuii gari kugonga mti. Unazuia kifua chako kugonga usukani.

Tena mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu ya kishindo inaongezeka mara nne. Ndiyo maana inakadiriwa kwamba wastani wa mwendo barabarani ukipanda kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali ya kuua inapanda kwa asilimia 4.

#5 MzeeWaKiti

Marahaba. Mimi nimeendesha gari miaka arobaini sijawahi kufunga mkanda na niko hapa naandika.

#6 Kitanda_cha_Tisa

Mzee, waliofanya kama wewe ikawaendea vibaya hawawezi kuja kujibu kwenye uzi huu 😅

#7 MajiYaBetri

Mimi ni mtu wa pikipiki, kila siku niko barabarani. Nina swali la kweli, si ubishi. Shemeji yangu alilazwa wodi ya majeruhi mwezi mzima, nikawa naenda kumwona. Waliolala mle kwa kuumia kichwa, kadhaa walikuwa wamevaa helmeti. Sasa hiyo helmeti inasaidia nini? Na ukivaa husikii vizuri, jasho, shingo inachoka.

#8 MwandishiWaZamu

MajiYaBetri, pole kwa shemeji. Swali lako ni zito kuliko linavyoonekana, na mimi mwenyewe lilinitega mwaka wa kwanza.

Wodini unamwona aliyefika. Asiyevaa helmeti akapasua fuvu kwenye lami anaweza asifike wodini kabisa, anapita njia nyingine hadi chumba cha maiti, na daftari langu halimjui. Upande wa pili yuko aliyevaa, akaanguka, akajikung'uta vumbi akaenda zake nyumbani. Huyo naye sina jina lake. Ninaobaki nao ni wa katikati: walioumia vya kutosha kuletwa, lakini si kiasi cha kufia njiani. Ukihesabu helmeti kwa hao tu, utadhani haifanyi kazi.

Kwa hiyo tuwatazame waliohesabu vizuri. Mwaka 1935 T. E. Lawrence, yule Mwingereza maarufu kwa vita vya Uarabuni, alianguka na pikipiki bila helmeti, akafa siku sita baadaye. Miongoni mwa madaktari waliomhudumia alikuwa Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Kifo kile hakikumtoka. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza akageukia matarishi wa jeshi, vijana waliopeleka barua kwa pikipiki, wakifa kwa wingi bila hata kumwona adui, na mwaka 1941 akachapisha hoja yake juu ya helmeti. Sheria ya kulazimisha helmeti ilikuja Uingereza mwaka 1973, zaidi ya miaka thelathini baadaye. (Ubishi wa jasho na shingo ulikuwepo hata huko, usidhani ni wetu peke yetu.)

Wachunguzi waliokusanya tafiti nyingi pamoja walikuta helmeti inapunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Angalia tofauti: haiondoi, inapunguza. Kwa hiyo lazima wodini uwakute waliovaa.

Na muulize shemeji yako: alifunga kamba ya kidevuni? Niliongeza swali hilo kwenye daftari baadaye. "Nilivaa" ilikuwa na maana nyingi sana. Wapo waliovaa kiwikoni.

#9 MajiYaBetri

Hahaha kiwikoni. Hapo umenigusa. Kamba sitasema neno.

#10 Mtafiti_Mchanga

Uzi umekuja wakati wake. Niko mwaka wa mwisho, tasnifu yangu ni mifumo ya majeraha na vihatarishi kwa wagonjwa waliolazwa, nachambua mafaili ya mwaka mmoja. Nimeshamaliza kuhesabu. Pikipiki ndiyo inaongoza, wanaume ndio wengi. Naomba kujua, hapo si naweza kuandika moja kwa moja kwamba pikipiki na jinsia ya kiume ni vihatarishi?

#11 SistaWaUsiku

Usiandike hivyo, msimamizi atakurudisha. Ulichonacho ni mgawanyo, yaani nani wako wangapi, si kihatarishi, yaani kinachoongeza uwezekano wa kuumia. Ikiwa karibu kila mtu mjini anapanda pikipiki, zitaongoza kwenye mafaili hata kama kwa kila safari ni salama kama gari. (Si salama hivyo, lakini mafaili yako hayawezi kulithibitisha hilo.) Unawajua walioumia. Huwajui waliopita salama.

#12 MwandishiWaZamu

Sista kamaliza. Naongeza mfano ninaoupenda kuliko yote, wa Robert Borkenstein.

Alikuwa askari polisi wa jimbo la Indiana, ndiye aliyebuni kipima ulevi cha pumzi kiitwacho Breathalyzer mwaka 1954. Kila mtu alishajua kwamba madereva wengi waliopata ajali walikuwa wamekunywa. Lakini je, kama jioni ile kila dereva alikuwa amekunywa? Akachukua timu hadi mji wa Grand Rapids, wakapima madereva waliopata ajali, kisha wakapima na waliokuwa wanapita salama sehemu zile zile, siku zile zile, saa zile zile. Matokeo yalitoka mwaka 1964: kadiri kilevi kinavyozidi kwenye damu ndivyo hatari inavyozidi, tena inapaa, haipandi kwa hatua zinazolingana. Kuhesabu walevi kwenye ajali peke yake ni mgawanyo tu. Ukilinganisha hivyo, ulevi unakuwa kihatarishi chenye vipimo, na sheria nyingi za kilevi barabarani zilijengwa juu ya kazi ile.

Wewe huna muda wala pesa ya kusimama barabarani usiku. Basi badilisha swali. Ndani ya mafaili yako unao walioumia sana na walioumia kidogo, waliotoka wazima na waliofariki. Hao unaweza kuwalinganisha. Uliza kilichotofautisha waliofariki na waliopona, na usikiite kihatarishi cha kuumia. Kiite kihatarishi cha kufa kwa mtu aliyekwisha kuumia na akafika hospitali. Jina ni refu, lakini ni la kweli.

#13 Mtafiti_Mchanga

Nimekaa kimya dakika kumi. Sura ya nne yote naifumua.

#14 SistaWaUsiku

Pole mdogo wangu, wote tumepita huko. Nikupe vya kutafuta kwenye mafaili, vile ambavyo zamu yenyewe inakufundisha.

Kwanza fahamu. Kipimo cha Glasgow, cha Teasdale na Jennett tangu 1974, kinaanzia 3 hadi 15: anavyofungua macho, anavyoongea na anavyosogeza viungo. Nane kushuka chini ni jeraha kali la kichwa, mtu huyo anaweza kushindwa hata kulinda njia yake ya hewa. Ukikuta faili limeandikwa "hajitambui" bila namba, andika kwamba takwimu haipo, usibuni.

Pili presha na joto. Anayevuja damu hupoa, akipoa damu haigandi vizuri, isipoganda anavuja zaidi, na damu yake inakuwa na asidi. Ni mduara mbaya. Watu wanadhani blanketi ni huruma tu. Blanketi ni tiba.

Tatu muda. Utafiti mkubwa wa CRASH-2, uliotoka 2010 na wagonjwa zaidi ya 20,000 kutoka nchi 40, ulionyesha kwamba asidi ya traneksami, dawa ya kupunguza kuvuja damu, inapunguza vifo kwa majeruhi wanaovuja damu, mradi itolewe ndani ya saa tatu. Baada ya hapo faida inapotea na inaweza hata kudhuru. Kwa hiyo saa ya kuumia ni data, siyo saa ya kufika peke yake. Mafaili mengi yana ya kufika tu.

Nne umri. Mbavu tatu za kijana na mbavu tatu za bibi wa miaka themanini si ugonjwa mmoja.

Ukali wa jeraha kwa ujumla unaweza kuupanga kwa alama za Susan Baker na wenzake za mwaka 1974: chukua sehemu tatu za mwili zilizoumia zaidi, kila moja ipe alama ya ukali, kila alama izidishe kwa yenyewe, jumlisha. Juu kabisa ni 75. Ukiona mafaili hayana maelezo ya kutosha, ipo ile ya Kampala, iliyotengenezwa kwa ajili ya hospitali zisizo na vipimo vingi. Inataka umri, presha, upumuaji, fahamu na idadi ya majeraha makubwa, basi.

#15 Binti_wa_Tatu

Samahani naingilia, mimi si wa tiba. Mama yangu ana miaka 76, amevunjika nyonga. Anasema kateleza tu, sakafu ilikuwa kavu. Kila mtu anamwambia "uzee huo mama". Nimesoma hapa nikajiuliza kama kweli ni uzee tu.

#16 SistaWaUsiku

Pole sana mwanangu, na mama apone. Uzee upo, mifupa inapungua uzito hasa kwa wanawake baada ya hedhi kukoma. Lakini nikikaa na mgonjwa kama mama nauliza: ilikuwa saa ngapi? Mara nyingi ni usiku akienda msalani. Taa ilikuwa wapi? Anatumia dawa za usingizi, au za presha alizobadilishiwa karibuni? Akisimama ghafla anapata kizunguzungu? Miwani je, na viatu? Ameshawahi kuanguka mwaka huu? Aliyeanguka mara moja yuko karibu zaidi na kuanguka tena.

#17 Binti_wa_Tatu

Usiku, ndiyo. Dawa ya presha alibadilishiwa wiki mbili kabla. Hakuna aliyetuuliza.

#18 SistaWaUsiku

Peleka dawa zote, na pakiti zake, kwa daktari wake. Usizikatishe wewe mwenyewe.

Na akiwa bado amelazwa, angalieni asianguke tena hapo hapo wodini. Hili hatulisemi sana kwa sababu linatuaibisha: wagonjwa wanaumia wakiwa tayari mikononi mwetu. Kitanda kiko juu mno, kengele haifikiki, amepewa dawa ya kukojoa jioni. Halafu mtu anapandisha vyuma vya pembeni akidhani amemlinda. Mgonjwa aliyechanganyikiwa huvipanda vile vyuma, akaanguka kutoka juu zaidi. Kitanda kishushwe chini, na muwe mnamsindikiza msalani kabla hajaomba.

#19 Kitanda_cha_Tisa

Mwandishi, kuna kitu umekiruka. Wanaopigwa je? Nao si majeruhi?

#20 MwandishiWaZamu

Sikukiruka, nilikuwa nakizunguka.

Kuna mfupa mmoja wa mkono, wa upande wa kidole kidogo. Ukivunjika peke yake katikati, mwenzake mzima, sababu ya kawaida ni kwamba mtu aliinua mkono kujikinga uso. Aliyeteleza huanguka kwa kiganja, hadondoki kwa upande ule. Nilimwandika mwanamke mmoja, "kaanguka kwenye ngazi", mwenziwe akiwa amesimama nyuma yake anamjibia. Daktari aliangalia picha, akaangalia daftari langu, akamwomba yule bwana aende kufuata karatasi upande wa pili wa jengo. Hakukuwa na karatasi yoyote kule. Dakika tano zilitosha.

Watoto pia. Maji ya moto yakimwagika hutapakaa, kingo zinakuwa ovyo ovyo, kuna michirizi. Ukikuta mguu umeungua kama umevaa soksi, mstari umekatwa sawasawa kuzunguka mguu wote, hiyo haikumwagika.

Mimi sikuwa na mamlaka ya kumshitaki mtu. Nilichojifunza ni kuandika maneno aliyoyasema mgonjwa kama yalivyo, pembeni nikaandika nani alikuwepo wakati anasema, na kumwita sista. Kwa yule mama wa ngazi nilikuwa nimeshaandika "ajali". Nikaifuta kwa mstari mmoja ili isomeke kwamba palikuwa na kosa. Msimamizi wangu hakupenda daftari kuwa na mistari ya kufuta. Tulikosana kidogo.

#21 MzeeWaKiti

Hilo la mkono sikulijua.

#22 Mtafiti_Mchanga

Wakuu nimeandaa fomu upya. Safu zangu: umri, jinsia, saa ya kuumia, saa ya kufika, chombo, nafasi yake kwenye chombo, mkanda au helmeti, kilevi, sehemu ya mwili, Glasgow, presha, siku alizolazwa, matokeo, uzembe wa mgonjwa (ndiyo/hapana). Nimesahau nini?

#23 MwandishiWaZamu

Toa ya "uzembe". Utaijaza kwa hasira zako, si kwa faili. Kwenye helmeti weka majibu manne: alivaa na kufunga, alivaa bila kufunga, hakuvaa, haijaandikwa. Hilo la nne usilichanganye na "hakuvaa", utaharibu hesabu yote. Ongeza aliletwa na nani na kwa chombo gani, ambulensi au wapita njia. Na ongeza waliohamishwa kutoka hospitali nyingine, kwa sababu hao wameshachujwa mara moja kabla hawajakufikia.

Ukiweza, omba ruhusa uone na daftari la chumba cha maiti.

#24 MajiYaBetri

Mkuu swali la mwisho. Helmeti yangu ilishawahi kupiga lami mara moja, kichwa kikiwa ndani. Nje ina mkwaruzo tu. Bado inafaa?

#25 MwandishiWaZamu

Hapana. Kinachokulinda si gamba peke yake, ni lile povu gumu la ndani. Linabonyea kwa niaba ya kichwa chako, na likishabonyea halirudi, hata kama kwa macho huoni kitu. Nunua nyingine. Hiyo ikate kamba kabla ya kuitupa, asije mtu akaiokota akaivaa.